Njoroge na Ahadi ya Shule: Kuisoma Weep Not, Child Ukubwani

Utangulizi

Wengi wetu tunaofundisha Kiswahili na fasihi yake tulipita shuleni na vyuoni bila kuzifungua baadhi ya riwaya ambazo wenzetu wa idara ya Kiingereza huzitaja kila siku. Mgawanyo wa masomo ndio uliotutenga nazo. Mwalimu anaweza kuwa anaijua Utengano ya Said Ahmed Mohamed na Siku Njema ya Ken Walibora sura kwa sura, kisha akafikia umri wa kuwa na watoto wa sekondari kabla ya kuisoma Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Kwangu mimi ndivyo ilivyokuwa. Niliisoma mara ya kwanza nikiwa nimekwisha kusahihisha insha nyingi za watahiniwa kuhusu dhuluma, elimu na matabaka. Nilipofika ukurasa wa mwisho niliona kwamba baadhi ya majibu tunayoyakubali darasani ni mepesi mno.

Makala haya yana hoja moja kuu. Riwaya hii humpa msomaji wa makamo kitabu tofauti na kile inachompa kijana. Kijana humfuata Njoroge, mtoto anayetaka kusoma. Mtu mzima humtazama Ngotho, baba ambaye hana cha kumpa mtoto huyo. Mwalimu naye hukabiliwa na swali linaloigusa kazi yake: je, shule yaweza kumwokoa mtoto na dhuluma ambayo shule yenyewe haina nguvu ya kuiondoa?

Riwaya hii iliandikwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo haimo katika orodha ya fasihi ya Kiswahili. Hata hivyo, mhakiki wa Kiswahili ana haki ya kuipima kwa vyombo vyake mwenyewe: usimulizi, usawiri wa wahusika, kinaya, taswira na dhamira. Isitoshe, ni riwaya ya nchi yetu, na mambo inayoyasimulia yalitendeka katika vijiji ambavyo baadhi ya wanafunzi wetu wanatoka.

Mwandishi na wakati wake

Ngũgĩ alizaliwa mwaka wa 1938 huko Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Alikuwa kijana wa miaka kumi na minne serikali ya kikoloni ilipotangaza Hali ya Hatari mnamo Oktoba 1952. Kakake, Wallace Mwangi, aliingia msituni kujiunga na wapiganaji wa Mau Mau. Ndugu yake mwingine wa kambo, ambaye alikuwa kiziwi, alipigwa risasi na askari kwa kutotii amri ambayo hakuweza kuisikia. Mwaka wa 1955 Ngũgĩ alijiunga na Shule ya Upili ya Alliance. Aliporudi nyumbani kwa likizo yake ya kwanza, alikuta kijiji chao kimebomolewa na watu wamehamishwa.

Aliiandika riwaya hii akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere, na ikachapishwa mwaka wa 1964 kwa jina la James Ngugi. Chinua Achebe, aliyekuwa mshauri wa mfululizo wa waandishi wa Kiafrika wa Heinemann, alihusika katika kuifikisha kwa mchapishaji. Hutajwa kuwa ndiyo riwaya ya kwanza ya Kiingereza ya mwandishi wa Afrika Mashariki kuchapishwa na kampuni kubwa. Baadaye mwandishi aliliacha jina la James, akafungwa bila kushtakiwa kuanzia mwisho wa 1977 hadi Desemba 1978, na akaanza kuandika riwaya zake kwa Kikuyu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumpata katika Shetani Msalabani, tafsiri iliyotoka mwaka wa 1982. Ngũgĩ alifariki Marekani tarehe 28 Mei 2025.

Historia hii ina umuhimu wake. Mwandishi hakuwa mzee anayeukumbuka utoto kwa utulivu. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyetoka kwenye moto juzi na bado ana majivu miguuni.

Msuko kwa ufupi

Njoroge ni kitinda mimba wa mzee Ngotho. Ngotho ana wake wawili, Njeri na Nyokabi, wanaopatana vizuri. Anafanya kazi katika shamba la Bwana Howlands, Mwingereza, na shamba hilo ndilo ardhi ya mababu zake. Nyumba yake imejengwa kwenye kipande cha ardhi cha Jacobo, Mwafrika tajiri aliyeruhusiwa kulima pareto. Nyokabi, mama yake Njoroge, anaamua kumpeleka mwanawe shuleni. Huko Njoroge anafanya urafiki na Mwihaki, binti yake Jacobo.

Mgomo wa wafanyakazi unaitishwa. Jacobo analetwa na polisi awaambie watu warudi kazini, naye Ngotho anamrukia mbele ya umati. Kwa kitendo hicho anapoteza kazi na kufukuzwa alikojenga. Hali ya Hatari inapotangazwa, Howlands anakuwa mkuu wa tarafa na Jacobo chifu wa homugadi. Boro, mwana wa Ngotho aliyepigana katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, anaingia msituni. Njoroge anafaulu na kwenda shule ya upili ya Siriana. Jacobo anauawa, Kamau anakamatwa, na Ngotho anajisingizia mauaji hayo ili kumwokoa mwanawe. Njoroge anatolewa shuleni na polisi na kuteswa. Ngotho anafariki kutokana na majeraha ya mateso. Boro anamuua Howlands na kukamatwa. Njoroge anajaribu kujinyonga, lakini mama yake anamwita kabla hajatimiza azma hiyo.

Jicho la mtoto

Riwaya imesimuliwa kwa nafsi ya tatu, lakini msimulizi hukaa karibu sana na Njoroge. Hapa kuna tofauti ya kufaa darasani na Siku Njema, ambamo Kongowea anatusimulia maisha yake kwa nafsi ya kwanza. Kongowea anaposimulia, tayari anaujua mwisho wake. Njoroge haujui. Msimulizi anatuonyesha kile ambacho mtoto anakiona, kisha anatuachia sisi kazi ya kuelewa.

Mfano bora umo mwanzoni kabisa. Nyokabi anamuuliza mwanawe kama angependa kwenda shule, na mtoto anajawa na hofu kwamba huenda mama akalirudisha neno lake. Anapewa sharti: hatapata chakula cha mchana kama watoto wengine, na asije akamwaibisha mama kwa kukataa kwenda shule. Mtoto anakubali mara moja. Kwa Njoroge, hilo ni jambo dogo, maana shule imekuwa yake. Kwa msomaji ambaye amewahi kukaa usiku akihesabu karo, sharti hilo ni zito kuliko furaha yote ya mtoto. Mama anajua kwamba atamlaza mwanawe njaa ili asome, na anaomba ruhusa ya mtoto huyo.

Vivyo hivyo, mtoto anaionea haya shuka anayoivaa tu baada ya kupata shati na kaptura. Kabla ya shule hakujua kuwa ni maskini kwa namna hiyo. Ngũgĩ haliingilii jambo hili kwa mahubiri. Analiweka mbele yetu na kupita. Mtahiniwa anayetafuta mifano ya umaskini ataitaja shuka na kuendelea, lakini maana yake ya ndani ni kwamba shule humfundisha mtoto kusoma na pia humfundisha kujionea aibu.

Somo la Kiingereza linatoa mfano mwingine. Wanafunzi wamekaririshwa maamkizi. Mgeni Mzungu wa kike anapoingia darasani, wanamwamkia kwa neno la kumwamkia mwanamume, na mwalimu wao anatamani ardhi ipasuke. Kijana atacheka. Mwalimu atacheka pia, lakini atamtambua mwalimu yule. Anahukumiwa kwa sekunde chache mbele ya mkaguzi, kwa lugha ambayo si yake wala ya wanafunzi wake.

Ngotho: mhusika ambaye kijana humpita

Ukimwambia mtahiniwa ataje mhusika mkuu, atasema ni Njoroge, na atakuwa amejibu vizuri. Lakini kiini cha dhuluma katika riwaya hii kimewekwa juu ya mabega ya Ngotho.

Ngotho alichukuliwa akiwa kijana kuhudumu katika Vita Vikuu vya Kwanza. Aliporudi, alikuta ardhi ya babake imekwenda. Badala ya kuondoka, akaajiriwa juu ya ardhi ileile. Anamtunzia Howlands shamba kwa bidii ambayo Howlands huiona kama uaminifu wa mfanyakazi mwema. Kinaya kimejengwa hapo. Watu wawili wanatembea katika shamba moja, wote wanalipenda, na kila mmoja anaamini kimoyomoyo kwamba ni lake. Howlands hafahamu kwamba mwenzake anamsubiri aondoke. Ngotho anaamini utabiri wa Mugo wa Kibiro, kwamba siku moja wageni watakwenda zao, na anataka awepo siku hiyo kuipokea ardhi.

Usiku mmoja anawasimulia watoto wake hadithi ya Gikuyu na Mumbi na jinsi ardhi ilivyopotea. Njoroge anaisikiliza kama ngano. Boro anaisikiliza kwa hasira, na anamuuliza babake imekuwaje wakakaa miaka yote hiyo wakingoja utabiri utimie. Ngotho hana jibu. Tumezoea kuwafundisha wanafunzi kwamba subira huvuta heri. Riwaya hii inaichukua hekima hiyo na kuiweka mbele ya mwana aliyempoteza ndugu yake Mwangi katika vita vya Mwingereza, kisha akarudi nyumbani bila kazi wala shamba. Kwake, subira ya babake ni usaliti.

Tangu usiku huo Ngotho anapungua. Mgomo unapokuja yuko njia panda. Akigoma atapoteza kazi na chakula cha watoto. Asipogoma atapoteza heshima ya wanawe. Nyokabi anampinga kwa hoja za jikoni, hoja za kweli, naye anampiga. Tukio hilo halimwonyeshi Ngotho kama dikteta wa nyumbani tu, ingawa kosa lake halifutiki. Linamwonyesha mwanamume ambaye uwezo wote umemtoka na umebaki mkono. Dhuluma ya mkoloni imeingia hadi ndani ya ndoa iliyosifiwa kwa amani yake.

Mwishowe, Ngotho anafanya jambo moja la kishujaa. Anajitwika mauaji asiyoyatenda ili mwanawe Kamau aachiliwe. Howlands anamtesa na kumhasi. Boro anakuja usiku kuomba msamaha mzee akiwa mahututi, na muda unakuwa mfupi. Kijana hupita hapa mbio kwa sababu anataka kujua Njoroge atafanya nini. Msomaji wa makamo hukwama. Anaona kwamba baba huyu alitafuta maisha yake yote njia ya kuwaonyesha wanawe kuwa si mwoga, na njia pekee aliyoachiwa ilikuwa kufa.

Tunayoyajua leo

Msomaji wa 1964 angeweza kudhani kwamba matukio ya mateso yametiwa chumvi. Msomaji wa leo hana nafasi hiyo. Mwaka wa 2011 iligunduliwa hadharani kwamba serikali ya Uingereza ilikuwa imehifadhi maelfu ya faili za kikoloni huko Hanslope Park, zikiwemo zilizohusu kambi za Kenya. Wazee wachache walikuwa wamefungua kesi katika Mahakama Kuu ya London, na mmoja wao alieleza kwamba alihasiwa akiwa mikononi mwa maafisa. Mnamo Oktoba 2012 mahakama iliamua kesi iendelee. Tarehe 6 Juni 2013 waziri William Hague alilieleza Bunge la Uingereza kwamba serikali yake inajutia mateso hayo, na kwamba walalamikaji 5,228 wangelipwa jumla ya pauni milioni 19.9.

Maarifa haya yanabadilisha usomaji wetu. Ngũgĩ alipolitia tukio la kuhasiwa katika riwaya yake, wahakiki wangeweza kulisoma kama ishara ya kupokonywa uume wa taifa. Ni ishara kweli, lakini ni tukio la kweli vilevile. Mwalimu amkumbushe mtahiniwa kwamba jambo laweza kuwa ishara na bado likabaki jambo lililompata mtu mwenye jina.

Ahadi ya elimu

Njoroge anaamini elimu kuliko anavyoamini kitu kingine chochote. Anaamini kwamba akisoma ataikomboa familia yake na hata nchi nzima. Imani hiyo imechanganyika na Biblia, kiasi kwamba anajiona kama Daudi aliyeteuliwa. Anapofaulu kwenda Siriana, majirani maskini wanachanga karo, kwa kuwa wamekubali kuwa yeye si mwana wa Ngotho peke yake.

Hapa ndipo riwaya inapomgusa mwalimu. Kauli kwamba elimu ni ufunguo wa maisha imeandikwa kwenye kuta za madarasa yetu. Njoroge ndiye mwanafunzi ambaye kila mwalimu humwomba Mungu ampe: mtiifu, mwenye bidii, asiyelalamika kwa njaa. Naye ndiye anayetolewa darasani na polisi, anaburutwa hadi kituoni na kuteswa kwa koleo kwa ajili ya mauaji asiyoyajua. Shule haiwezi kumzuilia mlango. Ilikuwa kisiwa, na bahari ikaamua kupanda.

Je, Ngũgĩ anasema elimu ni bure? Sidhani. Tumtazame Kamau, nduguye Njoroge. Kamau hakupelekwa shule. Alijifunza useremala kwa fundi Nganga, na fundi huyo hakuwa na haraka ya kumfunza. Kamau ndiye anayesaidia kumlipia Njoroge. Nyumba inapoporomoka, Kamau ndiye anayebeba mzigo huku Njoroge akiota. Mwandishi hadharau shule. Anakosoa imani inayomfanya mtoto aisubiri kesho na kuacha kuiangalia leo. Kwa namna hii Njoroge ni mwana wa Ngotho kwelikweli: baba alisubiri utabiri, mwana anasubiri cheti. Boro alimkemea baba kwa subira yake, lakini hapana aliyemkemea Njoroge, kwa sababu subira yake ilikuwa imevaa sare ya shule.

Ulinganisho huu, kwa maoni yangu, ndio ugunduzi mkubwa ambao msomaji wa ukubwani huupata. Nimesoma maandishi mengi yanayogawa wahusika hawa katika kambi mbili, wazee wa mila na vijana wa usomi. Riwaya yenyewe inawaweka baba na mwana katika benchi moja la wangojaji.

Mwihaki, Stephen na watoto wa upande wa pili

Dhuluma haiwaangukii maskini peke yao. Mwihaki ni binti wa chifu anayechukiwa. Alimtetea Njoroge siku ya kwanza shuleni wakati wavulana wakubwa walipomdhihaki, na urafiki wao umeivuka mipaka ya matabaka tangu hapo. Baada ya babake kuuawa, Njoroge anamsihi watorokee Uganda. Mwihaki anakataa. Ana mama wa kumtunza, na anasema kwa uchungu kwamba wana wajibu. Msomaji kijana hukasirika kwamba mapenzi yameshindwa. Mtu mzima anaona kwamba katika mazungumzo hayo Mwihaki ndiye aliyekomaa, na Njoroge ndiye anayetafuta ndoto nyingine ya kuishi ndani yake, baada ya ile ya shule kuvunjika.

Stephen, mwana wa Howlands, anakutana na Njoroge wakati wa mchezo wa kandanda huko Siriana. Wanagundua kwamba utotoni kila mmoja alikuwa akitamani kuzungumza na mwenzake barabarani, na kila mmoja aliogopa. Mazungumzo yao ni mafupi na hayazai kitu. Ngũgĩ angeweza kuyatumia kufundisha kwamba watoto wangepatana kama wakubwa wangewaacha. Hafanyi hivyo. Anawaonyesha wavulana wawili wanaoelewana kwa nusu saa, kisha kila mmoja anarudi katika upande ambao historia imemwekea. Wapiganapo tembo nyasi huumia, lakini nyasi za pande mbili hazikukanyagwa sawa. Stephen atarudishwa Uingereza. Njoroge atapelekwa kituoni.

Mbinu chache za kutazamwa

Mpangilio. Riwaya imegawanywa katika sehemu mbili, na vichwa vyake vinatuonyesha mwanga unaofifia na kisha giza linaloshuka. Taswira ya mwanga na giza imeenea kote. Mtahiniwa aichunguze pamoja na ile ya njia na barabara: barabara kuu iliyojengwa na mateka Waitaliano inapita hapo, na watoto hawajui ilikotoka wala inakokwenda.

Kinaya. Howlands analipenda shamba kuliko anavyoipenda familia yake. Ngotho anaachishwa kazi na mtu ambaye amemtunzia ardhi ya ukoo wake. Boro alimpigania Mwingereza ng'ambo na sasa anawindwa na Mwingereza nyumbani.

Utumizi wa ngano na historia. Hadithi ya Gikuyu na Mumbi, utabiri wa Mugo na kesi ya Jomo zimesokotwa pamoja. Kwa mtoto, vitu hivi vyote ni hadithi moja. Jomo anaposhindwa kesini, Njoroge anapata pigo sawa na la mtu aliyeambiwa kwamba ngano imeishia pabaya.

Kasoro

Uhakiki usio na jicho la kasoro ni sifa tu. Howlands amechorwa kwa mistari mizito. Tumepewa sababu za chuki yake, kama vile kifo cha mwanawe Peter vitani, lakini mara nyingi msimulizi anatueleza anachofikiri badala ya kutuonyesha. Boro naye anabaki kivuli. Tunajua hasira yake, lakini msitu wenyewe hatuuoni ipasavyo, na wapiganaji wanaelekea kuonekana kama watu waliobakiwa na kisasi peke yake. Ngũgĩ mwenyewe alirudi kwenye mada hii kwa upana zaidi katika A Grain of Wheat ya 1967.

Mwisho wa riwaya umewagawa wasomaji. Njoroge, aliyeshindwa hata kujiua, anarudi nyumbani na mama yake, anasikia sauti ndani yake ikimwita mwoga, anaikubali, kisha anakimbia mbele kuwafungulia mama zake wawili mlango. Wapo wanaosema huu ni mwisho wa kukata tamaa. Mimi nauona kwa njia nyingine. Katika riwaya nzima Njoroge amefunguliwa milango na watu wengine: mama alimpeleka shule, Kamau alimlipia, majirani walimchangia. Mlango wa kibanda ndio wa kwanza anaoufungua yeye kwa ajili ya mtu mwingine. Ni kitendo kidogo sana, na mwandishi hakukiongezea maneno. Lakini mtoto aliyetaka kuliokoa taifa zima, hatimaye amemwona mtu aliyesimama karibu naye.

Hitimisho

Mtahiniwa anayesoma riwaya za Kiswahili zenye maudhui ya unyakuzi wa ardhi, kama Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, atafaidika kwa kuisoma hii kandokando yake, maana ataona tatizo hilo katika kizazi cha babu zake. Mwalimu atafaidika zaidi. Tunapowaambia wanafunzi wetu wasome ili waikomboe jamii, tuwaambie pia kwamba Njoroge alisoma kwa bidii na hakuuliza swali lolote kuhusu nyumba aliyotoka. Fasihi hufundishwa ili maswali hayo yaulizwe. Na yule mwanafunzi wa dawati la nyuma anayenyamaza wakati wa chakula cha mchana, huenda ameapa kwa mama yake kwamba hatalalamika. Tumtazame vizuri.

Maswali ya kutafakari

1. "Ngotho na Njoroge wana ugonjwa mmoja, wa kungoja." Jadili ukweli wa kauli hii kwa kurejelea matukio mahususi.

2. Linganisha usimulizi wa nafsi ya tatu katika Weep Not, Child na ule wa nafsi ya kwanza katika Siku Njema. Kila mmoja unamwezesha msomaji kujua nini kuhusu dhuluma anayotendewa mtoto?

3. Eleza mchango wa Nyokabi, Njeri na Mwihaki katika kuikuza dhamira ya riwaya. Je, wamepewa nafasi ya kutosha?

4. Kwa nini mwandishi anamfanya Kamau, asiyekwenda shule, kuwa nguzo ya familia?

5. Fafanua jinsi kinaya kinavyojitokeza katika uhusiano wa Ngotho na Howlands.

6. Je, mwisho wa riwaya ni wa matumaini au wa kukata tamaa? Tetea jibu lako.